Kuchagua chambo kwa samaki waliokwisha kuijua ndoano

Ukingo wa Ziwa Kivu ninakovulia, upande wa Muhumba hapa Bukavu, una mawe machache yanayofaa kukalia, na kila Jumamosi asubuhi mawe hayo huwa yamekwisha kupata wenyewe kabla jua halijapanda. Watoto huja na nailoni iliyozungushwa kwenye kopo, wazee huja na mianzi yao, na sote tunatupa chambo katika maji yale yale. Tilapia wa pale wamekwisha kuona kila aina ya mnyoo na kila tonge la bugali. Mara nyingi nimemwona mmoja, mkubwa kama kiganja, akikisogelea chambo changu, akisimama karibu nacho kiasi cha upana wa kidole, kisha akirudi nyuma polepole bila kukigusa.

Kukataa huko ndiko kulikonifanya nisome habari za wavuvi wa trauti, ingawa ziwani kwetu samaki huyo hatunaye. Nchi ya karibu ninayojua kuwa alipelekwa ni Kenya, katika mito ya milima ya Aberdare, mwaka 1905. Huko Ulaya na Marekani iko mito inayovuliwa na watu wengi mno, na kwa kuwa wengi wao humrudisha samaki majini akiwa hai, trauti mmoja huweza kunaswa mara kadhaa maishani mwake na kujifunza kila mara. Wavuvi hao hufunga manyoya juu ya ndoano ili yafanane na mdudu, na chambo hicho hukiita nzi, hata pale kinapoiga buu ambalo bado halijaota mabawa.

Kilichonigusa zaidi ni kazi ya Frank Sawyer, aliyekuwa mtunza wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza. Nzi wake mashuhuri alitengenezwa kwa vitu viwili tu: nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege aitwaye feasanti na waya mwembamba wa shaba, ambao ulichukua nafasi ya uzi na papo hapo ukawa uzito wa kukizamisha chambo. Hakikuwa na miguu wala pambo la kung'aa. Kilikuwa na umbo la buu, ukubwa wa buu, na kilishuka majini kama buu.

Mimi nilikuwa nimepoteza miezi mingi nikibadilisha rangi. Siku moja nilimpasua tilapia niliyemnasa, nikayatandaza ya tumboni mwake juu ya sahani nyeupe: uji wa kijani wa mwani, na katikati yake mabuu mekundu ya visubi, membamba kama uzi wa kushonea, hakuna lililofikia urefu wa ukucha wangu. Ndoano niliyokuwa nikitumia ilikuwa namba 8, kubwa mno kwa mabuu hayo. Ikumbukwe kwamba katika ndoano hizi namba ikipanda, ndoano hupungua ukubwa.

Mzee anayekaa jiwe la pili kutoka kwangu aliniambia jambo ambalo sikulisoma popote: “Mwanangu, huyu samaki hakatai chakula, anakataa kamba yako.” Nilimjibu, “Ndiyo, papa,” kwa heshima tu, lakini nilipoutazama mshipi wangu kwa makini niliona kwamba kila kiwimbi kilipoupiga, ulikikokota chambo kwenda pembeni, ilhali mdudu wa kweli huachwa na maji yamchukue yatakavyo.

Tangu hapo, ninapokataliwa, kwanza napunguza unene wa mshipi, kutoka milimita 0.25 hadi 0.14, halafu napunguza ndoano hadi namba 16, na rangi naigusa mwisho kabisa. Chambo chenyewe nakifunga nyumbani kwa unyoya wa shingo ya jogoo mwekundu, ninaoupata bure kwa wachinja kuku sokoni Kadutu, na waya wa shaba uliotoka katika redio iliyokufa. Mizunguko sita ya waya inatosha. Ikifika kumi chambo huanguka kama kokoto, na samaki huliona hilo mara moja. Mshipi mwembamba nao una gharama yake, kwani hukatika ukimvuta samaki kwa nguvu, kwa hiyo inakupasa umwache akimbie kwanza.

Utaratibu huu unafaa maji yakiwa meupe. Masika yanapoanza, mvua ikiteremsha udongo wa milima yetu hadi ukingoni, samaki haoni mbali, na hapo narudi kwenye namba 10 na unyoya mweusi, kwa sababu umbo jeusi huonekana vizuri zaidi katika maji ya matope. Wiki hii maji bado ni meupe, na nimekwisha kufunga namba 18 tano za kujaribu Jumamosi.