Pakiti ya Chai Sandukuni

Jumatatu, Cape Coast, Ghana

Kola ya shati jeupe haifichi kitu. Ukiisugua kwa sabuni ya mche na maji yakatoka mekundu, wiki hiyo ulitembea sana kwa miguu. Yakitoka ya kijivu, ulipanda sana trotro, yaani matatu za huku. Leo yangu yametoka mekundu. Nina mashati sita, yote ya Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Mama aliyachagua moja moja, akiyainua dhidi ya mwanga kuona kama makwapa yamechakaa, huku muuzaji akimwambia, "Mama, hiyo ni kamera," yaani mtumba wa daraja la kwanza. Jumatatu ndiyo siku yetu ya maandalizi: kufua, kunyoa, kwenda soko la Kotokuraba, kupiga simu nyumbani. Siku sita zilizobaki si zangu.

Nilikuwa natafuta soksi chini kabisa ya sanduku mkono ukagusa tena ile pakiti.

Ni nusu kilo ya majani ya chai, imefungwa kwa kipande cha leso kuukuu. Mama aliitia humo siku niliyoondoka, miezi 16 iliyopita. "Wape wenyeji wako. Mgeni haendi mikono mitupu." Mama amechuma chai mashambani Limuru tangu kabla sijazaliwa. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, malipo kwa kilo. Utomvu umemwingia kwenye mistari ya vidole. Hata Jumapili akienda kanisani kwake PCEA, yaani Presbiteri, kitambaa kichwani na viatu vinang'aa, viganja vyake vina rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni yoyote. Karo yangu ilitoka kwenye chai hiyo. Pasipoti pia, na chanjo ya homa ya manjano, na jozi mbili za viatu vyeusi.

Nami ni muumini wa kanisa lisilokunywa chai.

Jina letu ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu hutuita Wamormoni, ila tangu 2018 viongozi wametuhimiza tutumie jina kamili, na jina kamili hukata pumzi ukilitamka mlangoni kwa mtu mwenye haraka. Tuna agizo la mwaka 1833 linaloitwa Neno la Hekima. Maandiko yenyewe yanasema "vinywaji moto", na viongozi wa mwanzo wakafafanua kuwa ni chai na kahawa. Nilibatizwa Nairobi nikiwa na miaka 17, nikiishi kwa mjomba. Nilipomwambia mama, nilikuwa nimejiandaa kwa maswali kuhusu Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, na mabamba yake ya dhahabu. Hakuuliza hata moja. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwani chai imekosa nini?"

Sijapata jibu zuri mpaka leo. Najua ninachoamini, lakini jibu la kumpa yeye, mwenye viganja vile, sijalipata.

Kwenye beji yangu nyeusi pameandikwa Elder na jina la babu. Kwetu kanisani neno hilo tumelitafsiri "Mzee". Nina miaka 20. Jumapili ya kwanza baada ya kuitwa kwenye misheni, mtoto wa jirani aliniita Mzee mbele ya wazee halisi, wakaangua kicheko. Mama peke yake hakuona ajabu. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, nimepewa jina la baba yake, kwa hiyo ameniita "baba" tangu niko kwenye nepi. Huku wameniongezea jina la tatu. Hapa Wafante humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa, na kwa kuwa nilizaliwa Ijumaa, mimi ni Kofi. Niliwaambia kwamba pwani yetu naye wa Ijumaa huitwa Juma. Walifurahi kama nimewaletea zawadi.

Siku zenyewe zinafanana. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kengele ya simu inalia. Tunapiga magoti, tunafanya mazoezi ambayo mwenzangu wa misheni huyachukulia kwa uzito kunizidi, tunakunywa uji, tunasoma maandiko kila mtu peke yake kisha pamoja. Halafu ni barabara hadi usiku. Saa tatu tumerudi, saa nne na nusu taa zimezimwa. Sitakiwi kuwa mbali na mwenzangu kiasi cha kutomwona au kutomsikia, isipokuwa bafuni. Bahari iko pale, nikiamka usiku naisikia, na kuogelea haturuhusiwi. Mtoto wa Limuru aliyeiona bahari mara moja tu, safari ya shule Mombasa, nimeletwa kuishi kando yake nikiwa na tai shingoni.

Tukiomba pamoja tunaomba kwa Kiingereza. Peke yangu naomba kwa Kikuyu, kwa sababu kwa Kiingereza najisikia kama ninaandika barua ya kutafuta kazi. Shajara naiandika kwa Kiswahili, lugha pekee kati ya hizo ambayo mwenzangu haijui na dada zangu wataisoma bila kunicheka.

Mwenzangu anatoka Utah. Tukipita mtaani watoto hutoka mbio wakiimba "Obruni! Obruni!" yaani mzungu, naye huwajibu kwa Kifante, mtaa mzima unacheka kwa furaha. Mimi wananisemesha Kifante moja kwa moja, nikishindwa kujibu wananitazama kama kijana aliyekwenda Accra akarudi na maringo. Nikisema mimi ni Mkenya, jibu ni moja: "Obama!" Alikuja hapa Julai 2009, akaitembelea ngome ya watumwa, na kuna bamba la ukumbusho wake. Mlangoni mtu humsalimia mwenzangu kwanza, humpa kiti kizuri, humuuliza yeye swali hata kama ni mimi niliyekuwa nikifundisha. Mwanzoni iliniuma. Siku hizi inaniuma Jumanne na Alhamisi tu.

Alhamisi iliyopita tulikwenda kumwona Nana, bibi mmoja wa tawi letu ambaye miguu imeanza kumsumbua. Nyumba yake iko upande wa wavuvi, nyavu zimeanikwa ukutani. Alikuwa ametukaangia samaki na kutuwekea kenkey, ile ya Kifante inayofungwa kwa majani ya mgomba. Nimeizoea sasa, ingawa mwezi wa kwanza nilikuwa nikiitazama nikiwaza ugali uliochacha. Tulipomaliza akamwambia mjukuu wake, "Waletee chai."

Moyo ukanidunda. Nikainua mkono, wa kulia kwa bahati nzuri, nikasema, "Nana, samahani, sisi hatunywi chai."

Mwenzangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nana alinitazama. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika meza. Mjukuu alikuwa amesimama na trei. Kwenye vikombe kulikuwa na Milo, povu juu, na maziwa ya kopo. Nimekaa Ghana miezi 16 na bado nilikuwa sijashika kwamba huku kinywaji chochote cha moto cha asubuhi au jioni watu hukiita chai. Kakao ni chai. Milo ni chai.

"Kofi," akasema, "mimi nimekuwa katika kanisa hili kabla mama yako hajaolewa. Unanifundisha Neno la Hekima?"

Niliomba radhi. Akasukuma kikombe mbele yangu. "Umekataa haraka. Hata hukuangalia ndani."

Nilikinywa chote, kilikuwa kitamu kupita kiasi, na katika kukinywa akatueleza mambo ambayo nilikuwa nimeyasoma tu. Mji huu ulikuwa na waumini wetu kabla ya kuwa na kanisa letu. Billy Johnson aliupata ujumbe huu mwaka 1964, akahubiri, akaanzisha makutaniko, akaandika barua makao makuu ya kanisa, Salt Lake City, kuomba wamisionari. Hawakuja. Wakati huo kanisa halikuwapa wanaume weusi ukuhani. Watu walikutana, wakaimba, wakafunga na kuomba, wakingoja kanisa ambalo lilikuwa halijawapokea. Miaka 14. Juni 1978 mabadiliko yakatangazwa, na Desemba mwaka huohuo wa kwanza wakabatizwa hapa Cape Coast. Nana alikuwa msichana. Anakumbuka watu wakiimba njia nzima kurudi nyumbani na nguo zimewaganda mwilini.

Kisha 14 Juni 1989 serikali ya Rawlings, aliyetawala Ghana wakati huo, ikapiga marufuku shughuli za kanisa, letu na la Mashahidi wa Yehova. Miezi 18. Wakakusanyika majumbani. "Pale ulipoketi," akaniambia, "ndipo tulipokuwa tunaweka mkate wa sakramenti." Nikajikuta nimeinua kiwiko kutoka mezani.

Nafikiri sana kuhusu miaka ile 14. Kuna mwanafunzi wa chuo kikuu hapa aliyenisimamisha mwezi jana, simu mkononi, ukurasa umefunguliwa tayari. Akaniuliza mimi, si mwenzangu. "Wewe ni Mwafrika. Walikukataa mpaka 1978. Unahubiri nini?" Ningeweza kukimbilia andiko. Nilimwambia ni kweli. Nilimwambia Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, na mwaka 1852 Brigham Young, rais wa kanisa wakati huo, akatangaza kwamba watu weusi hawatapewa, na kwamba kanisa lenyewe mwaka 2013 lilichapisha maelezo yanayozikataa sababu ambazo watu walikuwa wakizitoa kutetea jambo hilo. Akauliza, "Kwa hiyo walikosea?" Nikasema naamini binadamu walikosea. Akauliza inakuwaje basi nivae beji yao. Nikanyamaza. Trotro yake ikaja.

Usiku ule niliomba kwa Kikuyu kwa muda mrefu, na sikupata sauti wala ndoto. Nilipata usingizi. Asubuhi kengele ililia saa kumi na mbili na nusu nikapiga magoti tena. Sijui niite hivyo imani au mazoea, na nimeanza kushuku kwamba watu wa Nana nao, mwaka wao wa tisa au wa kumi wa kungoja, hawakuwa wakizitenganisha kila asubuhi.

Turudi kwenye pakiti.

Jambo ambalo sijamwambia mtu ni kwamba mama aliniuliza kuhusu chai ile wiki yangu ya tatu hapa, nikamjibu nimewapa majirani. Mmisionari, beji kifuani, namdanganya mama yangu kwenye simu. Kumpa muumini nisingeweza, kumpa jirani niliona haya, kuitupa nisingethubutu. Nguo zangu zote zina harufu ya mbali ya chai. Mwenzangu aliwahi kuniuliza natumia manukato gani.

Leo baada ya kuanika mashati niliitoa. Mlinzi wa jengo letu huingia zamu jioni. Ni mzee wa kaskazini, Muislamu, mwenye jiko dogo la makaa na birika jeusi kwa masizi. Mwenzangu aliniuliza kama ni sawa kumpa mtu kitu ambacho sisi wenyewe hatukinywi. Nikamwambia mzee huyu Neno la Hekima halimhusu, na pombe aliikataa kabla yetu. Akafikiri, akasema sawa, akaja nami.

Nilimpa kwa mikono miwili. Mzee alifungua fundo la leso polepole, akainusa, akachukua majani machache akayasugua kwenye kiganja. Akaniuliza imetoka wapi. Nikasema, "Imechumwa na mama yangu," na hapo sauti ikanigeuka kidogo, nikajifanya nakohoa. Hakusema kitu. Akaweka maji jikoni. Tulikaa naye kwenye benchi mpaka yakachemka, akatia majani ngumi nzima na sukari nyingi, akamimina kutoka juu, kikombe kwenda kikombe, mara nyingi. Harufu ikatoka. Nilikuwa jikoni kwetu, saa kumi na moja alfajiri, taa ya mafuta, mama amevaa buti za mpira.

Alikunywa akafumba macho. Akakunja ile leso akanirudishia.

Saa kumi na moja na nusu nikampigia mama. Kwao ilikuwa saa mbili na nusu usiku. Alianza kama kila Jumatatu, umekula, umefua, hao watu wanakutunza. Akarudia hadithi ya hekalu la Nairobi, alivyokwenda kulitazama kabla halijawekwa wakfu mwezi Mei, akavishwa vifuniko juu ya viatu, zulia jororo kama manyoya, na hakuna aliyempa hata kikombe cha chai.

"Mama," nikasema, "ile chai nimempa mlinzi. Leo."

"Leo?"

"Leo."

Kukawa kimya. Nikasikia redio yake nyuma, na mbwa wa jirani.

"Chai ya miezi yote hiyo," akasema, "imeshakufa harufu."

"Haijafa. Amesema ina nguvu."

"Alitia maziwa?"

"Hapana. Huku hawa wanakunywa ya rangi, na sukari nyingi."

"Ungemwambia atie maziwa, baba," akasema. "Sasa atadhani ndivyo ilivyo."