Saa Tisa Usiku, Ngamiani

Nilikwenda Tanga kurekodi simulizi za watu waliozeeka kwenye kazi za hotelini: wapishi, wahudumu, waosha vyombo. Mji huu umeandikwa sana kwa upande wa mkonge na reli. Inajulikana kwamba Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu, na mashamba yote yakatokana na hiyo. Lakini waliowapikia manamba, vibarua waliotoka mbali kukata mkonge huo, hawatajwi popote, na hilo linaniuma.

Njiani hakukuwa na la maana, isipokuwa pale basi liliposimama tule. Wali na kipaja cha kuku kiliuzwa bei ya kukomoana, kwa kuwa abiria hana pa kukimbilia. Machungwa ya Muheza ndiyo yaliyoniokoa. Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, nilishuka usiku, bajaji ikanitoza shilingi 10,000, na gesti niliyopata ilikuwa na feni inayozunguka ikijisikia.

Siku za mwanzo ziliharibika. Mwenye mgahawa mmoja alidai 50,000 ndipo nizungumze na vijana wake. Nikalipa. Akavuta kiti, akakaa ubavuni kwetu, na kila niliyemwuliza akajibu kwamba kazi ni nzuri na bosi ni mwema. Kijana mmoja wa kuosha sahani alinifuata nje baadaye akaniambia yeye ni deiwaka, anapewa hela ya siku na sahani ya chakula, akiugua halipwi kitu. Hakutaka nirekodi. Nilimwelewa.

Ndipo nikaelekezwa kwa bibi mmoja anayeuza mbaazi za nazi na maandazi Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Nilimkuta mchana amechoka. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Ukitaka maneno yangu njoo saa tisa usiku. Mchana huu mie mfu."

Nikaenda. Alinipa mbuzi na nazi mbili kabla sijatoa kinasa sauti. Nikakuna, yeye akakanda unga, na maneno yakatoka yenyewe. Alianza kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli ya Mwarabu akiwa msichana. Jikoni wapishi walikuwa wanaume watupu. Wanawake waliishia uani, kwenye masufuria na majivu ya kusugulia. Alijifunza kupika kwa kuchungulia mlangoni. Mkonge ulipoanguka bei na wafanyakazi kupungua, hoteli ikafungwa, naye akatoka na karai moja kuukuu badala ya mshahara wa mwisho. Karai lile bado analo. Ndilo lililokuwa jikoni usiku ule.

Kisha akaniuliza, "Kwenu wapi?"

"Njombe, bibi."

Akaacha kukanda. "Mbena! Mama yangu kawapikia Wabena."

Nilisahau kukuna nazi. Babu yangu alikuja Tanga kuwa namba miaka ya hamsini. Alirudi na blanketi na baiskeli, na mpaka anakufa hakusema alikula nini huku, wala sisi wajukuu hatukumwuliza. Sasa nikaelezwa na mtu nisiyemjua. Kambini walipewa posho ya unga na maharage. Waliochoka na maharage walikwenda kwa mama yake wakala samaki na chai kwa mkopo, maana mshahara haukutoka mpaka kipande, ile kadi ya kuhesabia siku, kijae siku 30 za kazi, na siku ya kuumwa haikuandikwa. Mama hakujua kusoma. Kila mteja alikuwa na mahali pake ukutani, akichorewa mstari wa mkaa kwa kila sahani. Siku ya mshahara alikaa njiani tangu alfajiri awawahi kabla ya wauza pombe.

"Walilipa?"

"Wengi walilipa. Wengine walitoroka usiku na kipande hakijajaa. Mama hakuwalaani. Alisema aliyetoroka alikuwa na njaa kuliko sisi."

Sijui babu alikuwa kundi gani. Bibi naye hakuwa na jina lolote la kunipa, alikuwa mtoto wa kuteka maji.

Saa kumi na moja wateja walianza kuingia, bodaboda na wachukuzi wa soko, na mazungumzo yakaishia hapo. Alinitaka jambo moja: sauti yake niiweke kwenye simu ya mjukuu wake kabla sijaondoka mjini. Niliiweka siku hiyohiyo, naye bibi akasikiliza kidogo akasema nimekuna nazi vibaya, machicha yamejaa.

Nyumbani Njombe yupo shangazi yangu aliyepika kwenye mgahawa wa stendi ya Makambako mpaka miguu ikavimba. Sikukuu zote tumekula kwake na hatujamwuliza lolote kuhusu kazi ile. Nikifika sitamketisha sebuleni mbele ya kinasa sauti. Nitaingia jikoni, nichukue kisu, tumenye viazi.