Cha juu kisicho cha siri: nilivyouza Land Rover ya 1976

Ushauri wa kwanza niliopewa pale Mabatini, hapa Mwanza, ulikuwa mfupi: mwenye gari usimwambie bei ya mjini, piga puti, piga rangi ya kijani, funga tairi mpya, uza. Wa pili ulitoka kwa dalali mzoefu: kadi ya gari ichukue hivyo hivyo kwa jina la marehemu aliyekuwa nalo, mnunuzi atahangaika nayo mwenyewe. Sikuufuata hata mmoja. Gari limeuzwa, faida nimeipata, na mama aliyeniuzia, bwana aliyenunua na wenzangu walionipa vipuri wote wanajua ni shilingi ngapi.

Wanaosema biashara haiendi bila siri wanasahau kwamba sisi wapenzi wa magari ya zamani Kanda ya Ziwa ni wachache. Gari nililouza leo Nyakato nitalikuta mwakani Magu au Bunda kwa mtu ninayemfahamu, na fundi atakayelifungua ni yule yule. Puti niliyoificha itaonekana.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya chesi ndefu, ile ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Lilikuwa Sengerema, chini ya mwembe, halijawashwa zaidi ya miaka tisa. Mama mwenyewe alitaka milioni tatu. Nikamwambia, "Mama, bei hiyo siichukui. Gari la aina hii likitembea na karatasi zake zikiwa safi, mjini linaulizwa kuanzia milioni kumi na nne hadi kumi na nane. La kwako halitembei, na sijui ndani kukoje." Akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbona unajipandishia bei?" Tulikubaliana milioni sita na kidogo, na kwamba faida ikizidi milioni tatu baada ya gharama zote, robo ya kinachozidi inarudi kwake. Tuliandika, akasaini mwanawe mkubwa na mwenyekiti wa kitongoji.

Hiyo robo iliwachekesha wengi, lakini ina sababu. Gari lililolala miaka tisa ni kama mbuzi ndani ya gunia. Muuzaji anauza asichokijua, mnunuzi ananunua asichokijua. Injini ikiwa imekufa, hasara ni yangu mimi niliyesema naijua kazi. Ikiwa hai, mama naye apate. Bei ya chini peke yake ingenilipa kwa sababu yeye hajui soko, na hilo ndilo nisilolitaka. Nilitaka kulipwa kwa kazi.

Kadi ilikuwa kwa jina la marehemu mumewe. Hapo hakuna njia ya mkato: familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi anateuliwa, na yeye ndiye anayesaini mauzo. Ilichukua miezi. Nilitoa malipo ya awali, gari likabaki pale pale chini ya mwembe hadi karatasi zikamilike. Kama nawe umepata gari la marehemu, usianze hata kufungua boneti kabla ya hapo. Mrithi mmoja akija na kesi wakati umeshalichomelea, hakuna mtu atakayekurudishia senti.

Baada ya kadi, namba. Kwenye Series III namba ya chesi imegongwa kwenye chuma, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikilia, na ipo tena kwenye kibati. Sugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, usitumie grenda, maana grenda inafuta. Linganisha chuma, kibati na kadi. Tazama pia kama gari linafanana na umri wake. Series III zilitengenezwa 1971 hadi 1985, zina grili ya plastiki na saa zake za dashibodi ziko mbele ya dereva. Ukikuta kadi ya 1968 na gari lenye hayo yote, ujue kadi ya gari moja imevalishwa gari lingine. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu mwaka wa zamani zaidi unalipa zaidi. Kwangu huo ni wizi, hata kama gari linawaka vizuri.

Sasa sumaku. Karibu kila mtu atakwambia: shika sumaku ya spika, pitisha kwenye bodi, isiponata pana puti. Kwenye Land Rover utadanganyika saa hiyo hiyo, kwa sababu bodi karibu yote ni aluminiamu. Sumaku haitanata kwenye aluminiamu, hata kama gari ni zima kabisa. Bodi isome hivi: asubuhi jua likiwa chini, simama kwenye kona ya nyuma, jicho liwe sawa na bati, uangalie mwanga unavyoteleza. Bati halisi lina mawimbi madogo, puti ni bapa au ina kilima kimoja. Halafu gonga kwa kifundo cha kidole: bati linalia, puti inanyamaza. Hesabu ribiti pia, maana palipozibwa kwa puti huwa zimepotea.

Sumaku peleka kwenye chuma: ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, nguzo za milango, sakafu ya miguu, na chesi. Ukutani kwangu ilinata kila mahali isipokuwa chini ya bawaba ya mlango wa kushoto, ambapo bisibisi ilizama hadi mpini. Na mahali popote aluminiamu inapokutana na chuma tafuta unga mweupe. Vyuma viwili tofauti vikiwa na unyevu kati yao, aluminiamu inaliwa. Dawa yake ni kusafisha, kupaka praima ya zinki pande zote mbili, na kuweka washa za plastiki kwenye bolti.

Chesi ndiyo iliyonitesa. Gari hili miaka ya mwisho lilibeba kayabo, na sangara aliyetiwa chumvi anadondosha maji usiku kucha. Watu husema huku hakuna kutu kama ya pwani kwa sababu ziwa halina chumvi. Ni kweli kwa ziwa, lakini chumvi ya kayabo inaingia kwenye chesi, ambayo ni boksi lililofungwa, na haitoki. Krosimemba ya nyuma, kile chuma cha kukatiza kinachobeba ndoano, ilikuwa nzima kwa nje na ndani imebaki magamba.

Fundi wa kwanza aliniambia tuweke viraka vya milimita 2 juu ya kutu, ndani ya siku moja kazi imekwisha. Nilikubali, na nilikosea. Tulipojaribu gari kwenye barabara ya vumbi, kabla hata ya wiki, ufa ulitembea pembeni mwa weldi kuanzia kiraka cha kulia hadi chini. Sababu ni tatu kwa pamoja. Weldi ilishika chuma chembamba kilicholiwa, kikaungua badala ya kuungana. Kati ya kiraka na chuma cha zamani palibaki nafasi inayoshika maji. Na chumvi ilikuwa bado ndani. Viraka vyote vikakatwa, pesa ile ikapotea.

Mara ya pili tulianza na maji. Tangi la mafuta lilitolewa likapelekwa mbali, betri ikafunguliwa, krosimemba ikakatwa yote. Ncha za chesi zikabaki wazi kama mabomba. Tukaleta mapipa ya maji ya ziwa, tukayasukuma kwa pampu ya kuoshea magari kutoka mbele kwenda nyuma, siku tatu, mara mbili kwa siku. Kujua kama chumvi imekwisha nilitumia kioo cha dirisha. Tone la maji yanayotoka kwenye chesi naliweka kulia, tone la maji yale yale ya ziwa yasiyopita popote naliweka kushoto, kioo kinaanikwa juani. Siku ya kwanza tone la kulia lilikauka likaacha duara jeupe kama chokaa. Siku ya pili duara lilififia. Siku ya tatu jioni matone yote mawili yaliacha alama ile ile hafifu, sikuweza kuyatofautisha. Hapo ndipo nilipoamini. Kioo hakikunigharimu chochote, na nimeshawaonyesha mafundi watatu.

Kabla ya kuchomelea, gari lilikaa kwenye stendi nne zilizosawazishwa kwa pima maji. Nikashusha timazi kutoka kila kishikio cha springi hadi sakafuni, nikaweka alama za chaki, nikapima mshazari kwa tepu. Tofauti ilikuwa milimita 3, nikaridhika. Krosimemba mpya ilikunjwa kwa bati la milimita 3. Weldi zilikwenda vipande vya sentimita tatu tatu, kulia kisha kushoto, ili chuma kisivutwe na joto. Chini tuliacha matundu ya kutolea maji. Ndani tulipuliza grisi iliyolainishwa na oili mpya. Oili chafu usitumie, ina tindikali.

Nirudi nyuma kwenye injini: ilikuwa hai. Nilitia oili kwenye matundu ya plagi, nikaiacha usiku mzima, asubuhi nikaizungusha kwa mkono kwanza. Mgandamizo kwenye silinda tatu ulikaribiana, ya nne ilikuwa chini sana. Kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda hiyo hakikubadilisha kitu, kwa hiyo ringi hazikuwa na kosa, tatizo lilikuwa valvu. Silinda hedi ikasagwa, valvu zikaachiwa nafasi ya milimita 0.25, pointi za distribyuta 0.35 hadi 0.40, waya za plagi zikapangwa kwa zamu ya kuwaka, 1-3-4-2.

Gia boksi nilijaribu kwenye teremko la Bugando. Weka gia ya pili, achia mafuta, usishike mkono wa gia. Ikiruka, ndani pamechakaa. Ya kwangu iliruka. Kuifungua kungekula karibu faida yote, nikaiacha kama ilivyo na kuiandika.

Nimesema kuiandika, maana nilikuwa na daftari la kasoro tangu siku ya kwanza, na picha za kila hatua pamoja na ile krosimemba iliyooza. Mnunuzi alipewa daftari kabla ya kupewa ufunguo. Gia ya pili inaruka, tufe la chuma linalogeuzia gurudumu la mbele kushoto lina mashimo ya kutu na linavujisha oili, kioo cha nyuma si cha asili, kibanio cha plastiki cha hita hakipo. Alipunguza kama laki tano kwa ajili ya gia boksi. Sikubishana naye.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ndilo linaloharibu urafiki zaidi: kipuri cha bei ya undugu. Mwenzangu wa Igoma alinipa distribyuta kwa elfu thelathini akijua napenda magari haya. Mwingine wa Kirumba alinipa bawaba nne bure. Walinipa kwa sababu mimi ni kama wao, hawakunipa ili nikaziuze. Nilipoamua gari litauzwa nilimpigia kila mmoja: nikulipe bei ya soko, au nikurudishie? Wa Igoma alichukua tofauti. Wa Kirumba alikataa hela, akaomba siku moja ya kumsaidia kuchomelea, na siku hiyo nimeitoa. Anayekusanya vipuri kwa udugu halafu anaviuza ndani ya gari kwa bei ya mjini anakausha kisima, kwa sababu kesho hakuna atakayempa mwenzake hata kioo cha taa.

Nilipewa pia hesabu ya kulichinja: difu mbili, gia boksi, milango, boneti, injini, kila kimoja kwa bei yake, jumla inashinda gari zima. Ilikuwa kweli. Gari ambalo chesi yake imekatika katikati au namba zake hazipo, lichinjwe liwaokoe mengine. Lenye chesi inayotengenezeka na kadi halali sichinji, kwa bei yoyote.

Wa kwanza kuambiwa kwamba linauzwa walikuwa wenzangu wa hapa, kwa wiki mbili, kwa bei ile ile ambayo angeambiwa mtu wa Arusha au Nairobi. Sikushusha kwa kujuana wala sikupandisha kwa mgeni. Dalali aliyemleta mnunuzi alilipwa na mimi, kiasi kikatajwa mbele ya wote wawili, na nikamkataza kuongeza chake juu. Mkataba ulisainiwa kwa wakili, umiliki ukahamishwa TRA kabla sijatoa ufunguo wa pili.

Lilienda kwa milioni kumi na sita na ushee. Gari, kuchomelea mara mbili, silinda hedi, tairi, betri, Fuso ya kulileta, karatasi, dalali na tofauti ya distribyuta vilikula kama milioni kumi na moja na nusu. Kilichobaki kilikuwa karibu milioni tano, kwa hiyo mama alipata kama laki tano. Nilimpelekea Sengerema mwenyewe, pamoja na picha ya gari likiwa limesimama kando ya barabara ya Kenyatta, limeoshwa.

Bawaba mbili kati ya zile nne zilibaki, kwa sababu milango ya nyuma ilikuwa nazo nzima. Ziko kwenye debe la oili pale gereji. Mwenye Series III anayezihitaji azichukue bure, kwa sharti lile lile nililopewa nazo: si za kuuza.