Kikaratasi Chenye Namba HC 800

Katika mwaka wangu wa kwanza chuoni nilipita mbele ya maktaba kwa wiki tatu bila kuingia, na siku nilipoingia nilizunguka kati ya rafu nikiwa na kikaratasi chenye HC 800, namba ya rafu ya kitabu nilichokitafuta, nikaona haya kumwuliza mkutubi, nikatoka mikono mitupu. Niliamini kwamba wenzangu wote wanajua na mimi peke yangu ndiye mjinga.

Kumbe hofu hiyo ilikwisha kuchunguzwa. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Constance Mellon, aliripoti kwamba asilimia 75 hadi 85 ya wanafunzi aliowachunguza walieleza hisia zao za kwanza kuhusu maktaba kwa lugha ya woga: jengo ni kubwa, hawajui vitu vilipo, hawajui pa kuanzia, na kuuliza ni kujiaibisha.

Mimi niliokolewa na mkutubi mmoja wa makamo. Hakuniuliza kwa nini sijui. Alinionyesha tu kwamba herufi HC ni historia na hali za uchumi, na kwamba vitabu vilivyopakana na changu navyo vilihusu mada yangu. Jioni ile nilitoka na vitatu.