The Band kwa wapigaji wa Kisumu: acheni nafasi

Kwa bendi ya watu watano iliyozoea benga, wimbo rahisi wa kuanza nao wa The Band, kundi la roki la Wakanada wanne na Mmarekani mmoja, ni The Weight, wa mwaka 1968. Kodi zake (chords) ni chache. Ugumu uko kwenye kujizuia.

Kwanza wenyewe. Levon Helm wa Arkansas alipiga dramu na alikuwa Mmarekani pekee. Robbie Robertson wa gitaa, Rick Danko wa besi, Richard Manuel wa piano na Garth Hudson wa ogani walitoka Kanada. Wote wametangulia, Hudson aliondoka mwisho, Januari 2025. Lakini msiwafungie kwenye ala hizo. Katika The Weight, Hudson yuko kwenye piano na Manuel kwenye ogani. Katika Rag Mama Rag, Manuel anapiga dramu, Helm anashika mandolini na Danko fidla. Ndiyo maana hakuna anayepiga kwa kujionyesha: kila mmoja anajua kazi ya mwenzake.

Ufunguo ni A. Ubeti unakwenda A, C-shapu maina, D, A, mara nne. Mwisho wa kiitikio besi inashuka ngazi: do, ti, la, so, fa. Aliyelelewa na kwaya ya kanisa atalishika hilo kwa solfa kabla hajagusa waya. Mwendo ni mapigo kama 72 kwa dakika, na hapa ndipo bendi nyingi huharibikiwa. Katika benga gitaa na besi hufukuzana na kila upenyo hujazwa. Mkono huohuo ukija hapa, kufikia ubeti wa tatu mko 85 na maneno hayana pumzi. Washeni metronomu mkifanya mazoezi. Mpiga besi apige noti fupi, kisha aizime kwa kiganja. Asijaze.

Dramu ya Helm haina mlio mkali. Legezeni ngozi ya snea, ile dramu ndogo yenye nyaya chini, kidogo kidogo, mkizunguka skrubu zote kwa usawa, kisha wekeni kipande cha taulo pembeni mwa ngozi. Ndani ya dramu kubwa tieni blanketi lililokunjwa, liguse ngozi. Likijaa sana, sauti inakuwa kama kugonga katoni, punguzeni.

Kwenye kibodi zimeni staili, yaani midundo inayojipiga yenyewe, na ngoma za mashine. Chagueni piano ya kawaida, bila vayolini nyuma yake. Ogani iwe chini kabisa ya sauti za waimbaji. Kwa nyimbo nyingine, Hudson alitumia ogani ya Lowrey, ambayo noti zake zinaweza kuteleza. Gurudumu la kupinda sauti kwenye kibodi yenu, likiwekwa nusu toni, linakaribia mtelezo huo. Ile sauti ya kukwaruza katika Up on Cripple Creek, ya 1969, si ogani: ni klavineti, kibodi ya umeme yenye nyuzi ndani, iliyopitishwa kwenye wawa, pedali ya mguu inayofanya sauti ilie "wa-wa".

Waimbaji wagawane. Helm anaimba beti tatu za kwanza, Danko anachukua ya nne, ya tano wanashirikiana. Kwenye kiitikio sauti tatu zinaingia moja baada ya nyingine juu ya neno moja fupi, ile ya juu kabisa kwa sauti nyembamba ya Manuel. Dramu isimame hapo. Wakiingia pamoja kama kwaya ya Jumapili, utamu wote unapotea, kwa hiyo fanyeni kipande hicho peke yake, bila ala, hadi kila mmoja ajue anaingia baada ya nani.