Kioo Kutoka Chini ya Menengai

Usiku ule wa 2011 baridi ya Menengai, volkano iliyo karibu na Nakuru, ilikuwa inapenya hadi ndani ya buti. Tulikuwa tunachimba kisima cha mvuke wa kuzalisha umeme; keekee ilikuwa imepita mita 2,000, na kazi yangu ilikuwa ileile: kila baada ya mita 2 nipokee chenga za mwamba zinazopanda na maji, nizisuuze kwenye chujio, nizitazame kwa hadubini, niandike kina.

Kwa siku nyingi nilikuwa nikiwinda epidoti, madini ya kijani yanayojitengeneza mwamba unapopikwa na maji ya moto ya nyuzi 250 hivi. Nikiyaona, roho inatulia: joto lipo.

Mnamo saa tisa usiku fundi mkuu wa rigi, mtambo wa kuchimbia, akaja mwenyewe hadi kwenye kibanda changu.

"Binti, chini kumelainika ghafla, sasa mabomba yanakaba. Wewe unaona nini?"

Nilisuuza chenga za mwisho. Epidoti hamna. Badala yake vipande vya kioo, rangi ya chai ya rangi, kingo kali. Kimoja kikanichanja kidole. Nikavisuuza tena, nikidhani macho yamechoka. Kioo cha volkano hakidumu kwenye kina kile. Kikikaa karne nyingi katika joto na maji, hugeuka udongo na madini mengine. Hiki kilikuwa kisafi kabisa. Kilikuwa kimekuwa kioo muda mfupi tu uliopita, mwamba ulioyeyuka ulipokutana na maji yetu baridi.

Tulikuwa tumegusa magma.

"Mzee, tusimame," nikamwambia. Sikuwahi kumwamrisha mtu wa umri wa baba yangu. Akaniangalia, akaangalia kidole changu, akatoka mbio.

Walisukuma maji bila kukata hadi mapambazuko, mabomba yakikataa, yakilegea, yakikataa tena. Wazee husimulia kwamba mvuke wa kreta ya Menengai ni roho za wapiganaji wa Kimaasai waliotupwa humo vitani. Usiku ule, rigi ikiguna gizani, nilielewa kwa nini watu walihitaji kisa hicho.

Jua lilipochomoza, bomba la mwisho lilikuwa juu. Fundi akaja, akaweka chenga moja kiganjani na kuielekeza kwenye mwanga. Akakaa nayo muda mrefu.

"Hii nikamwonyeshe mama watoto," akasema.

Sampuli zile zilikuwa za kuhesabiwa, si za kugawa. Hata hivyo nikamfungia chenga ile kwenye karatasi, nikampa.