Siku moja kazini kwa daktari wa mifugo, Nakuru, Kenya: mkanda wa kupimia ng'ombe, Njoro hadi Bahati

Saa 12 asubuhi. Kabla pikipiki haijawashwa, boksi linapangwa: mkanda wa kukadiria uzito, kipimajoto, spiriti, pamba, mabomba ya sindano ya mililita 20 na chupa mbili za antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini. Chupa hizo huchanganya watu kweli. Ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, ya asilimia 20 ina 200, na mara nyingi zote hudungwa mililita 1 kwa kilo 10 za mnyama. Lakini ya 10 hurudiwa kila siku, siku 3 hadi 5. Ile ya 20 ya kukaa muda mrefu hufanya kazi kama siku 3. Ukidunga ya 10 mara moja ukaenda zako, kesho kiwango cha dawa kwenye damu kimeshuka. Bakteria dhaifu wamekufa, wale wavumilivu wamebaki na uwanja mzima wa kuzaana.

Saa 1:30, Njoro. Ng'ombe anakohoa, joto 40.6, hataki kula. Kwanza vidole vinapita chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zikiwa zimevimba, shuku ndigana kali (East Coast Fever), na kimelea chake si bakteria: kinataka dawa nyingine, buparvakuoni. Oksitetrasaiklini nyingi humwagwa bure hapo. Leo tezi ziko sawa, mapafu yanakwaruza.

"Huyu ni kilo mia mbili hamsini, daktari."

Mkanda unasema vingine. Mzingo wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, ni sentimita 165. Urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa matako ni 138. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, gawa kwa 10,840: karibu kilo 347. Kwa dawa ya asilimia 20 ni mililita 35, si 25. Kwa makisio ya mwenyewe angepata miligramu 14 kwa kilo badala ya 20. Dozi ya namna hiyo inatuliza homa vya kutosha mtu aridhike, lakini haimalizi maambukizi. Mililita 35 hazidungwi mahali pamoja: zinagawanywa pande mbili za shingo, ndani ya nyama, la sivyo panavimba na dawa inanyonywa polepole.

Halafu maziwa. Siku za kutoyauza zimo kwenye kibandiko cha chupa, lakini wengi hawayamwagi, humpa ndama. Ndama anakunywa dawa kidogo kidogo kila siku, na bakteria wa E. koli wa utumboni mwake wanaizoea. Hapa ndipo watu hawaoni: dawa iliyolenga mapafu hufika utumboni pia, na huko bakteria hupeana jeni za usugu, yaani za kuhimili dawa. Jeni za kuhimili tetrasaiklini (kundi la oksitetrasaiklini), streptomaisini na salfa husafiri mara nyingi kwenye kipande kimoja, kwa hiyo dawa moja inalea usugu wa tatu. Ndiyo maana kurefusha dozi "kwa usalama" nako si sawa. Kipimo kamili, siku zilizoandikwa, basi.

Saa 4, bado Njoro, ugonjwa wa kiwele. Maziwa ya chuchu moja yana mabonge. Sampuli huchukuliwa kabla ya dawa: osha, tupa michirizi ya kwanza, pangusa ncha kwa spiriti, kamua ndani ya chupa safi, weka kwenye barafu. Kisha robo hiyo ya kiwele inakamuliwa ikauke na tyubu moja nzima ya penisilini inaingia. Tyubu hii inataka mara 3, kila baada ya saa 12. Kuigawa kwa chuchu mbili ni kuharibu zote. Kuweka mbili asubuhi ili uruke ya jioni hakusaidii, kwa kuwa penisilini huua kwa muda inaokaa juu ya kiwango cha chini kinachozuia bakteria, si kwa wingi wa mara moja. Jentamaisini, antibiotiki nyingine, ni kinyume: yenyewe hutaka kilele kikubwa.

Saa 7, Nakuru mjini. Sampuli inaachwa maabara. Kuotesha bakteria na kupima vidonge vya dawa kwenye sahani huchukua siku mbili au zaidi.

Saa 9, Bahati, kuku 300 wa mayai. Wachache wanakoroma, na kijiko cha unga wa oksitetrasaiklini kimeshawekwa kwenye maji ya wote. Wagonjwa hunywa kidogo, wazima hunywa sana, hivyo dozi inaenda kwa wasioihitaji. Maji yenye chokaa na vyombo vya mabati hufunga tetrasaiklini isinyonywe. Hesabu ni kwa kilo: 300 mara 1.8 ni 540. Kibandiko kikitaka miligramu 20 kwa kilo, ni gramu 10.8 za dawa, yaani gramu 54 za unga wa asilimia 20, kwenye maji ya siku hiyo tu. Tunatumia mizani ndogo, kijiko kinarudi jikoni. Pakiti ya "vitamini" iliyo dirishani pia ina oksitetrasaiklini, isome nyuma. Na kama ni mdondo (Newcastle), hakuna antibiotiki inayougusa, ni virusi.

Saa 12 jioni. Daftari: uzito, dawa, namba ya toleo, siku ya mwisho ya kumwaga maziwa.

Saa 4 usiku, simu ya Njoro.

"Mama, tyubu ya pili umeweka?"

"Maziwa yamekuwa mazuri, nikaona niihifadhi."

"Kamua kwanza, kisha iweke sasa. Na ya tatu saa 4 asubuhi."